Picha za Mwisho wa Filamu

Mzee mmoja ambaye mji mzima ulimwita Kaa Sawa alisimama ndani ya makumbusho, mikono nyuma, akiitazama picha aliyoambiwa kuwa ni yake. Jina lake lilikuwa limeandikwa chini kwa herufi nyeusi, safi, pamoja na maneno "Mpiga picha wa daraja". Hapo hapakuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba hakukumbuka kabisa kuipiga.

Picha ilimwonyesha mwanamke mgeni, mnene kiasi, miwani ya jua ameipandisha kwenye paji la uso. Amevua kiatu kimoja na anakikung'uta ili kokoto itoke. Mumewe yuko nyuma yake, mdomo wazi, mkono hewani, yaani katikati ya ugomvi. Hakuna hata mmoja anayeitazama kamera.

"Mimi nimpige mtu akikung'uta kiatu?" mzee alijiuliza kimoyomoyo. "Nilikuwa nimelewa?" Lakini hakuwa mtu wa kulewa.

Akasogea kwenye picha ya pili. Watalii watano wamejipanga kwenye ukingo wa daraja, lakini bado hawajawa tayari: mmoja anajikuna shingo, mwingine anafunga kifungo, na msichana wa mwisho amekunja uso kwa uchovu kama mtu aliyeambiwa basi limeharibika. Jina lake chini. Akasogea kwenye ya tatu. Jina lake chini.

Ili jambo hili lieleweke, lazima ijulikane alivyokuwa akifanya kazi. Alianza maisha kama mpaka rangi. Halmashauri ya mji ilikuwa na daraja la chuma, refu na jembamba, lililovuka korongo lenye maporomoko ya maji, na kila mwaka daraja lile lilihitaji rangi mpya kwa sababu ya mvuke. Watalii walikuja kwa mabasi kuyaona maporomoko. Wengi walikuwa na kamera zao shingoni, lakini zama zile mtu alikuwa hawezi kujipiga mwenyewe, kwa hiyo walimtafuta mtu yeyote aliye karibu. Aliyekuwa karibu ni kijana mwenye brashi na mikono iliyojaa rangi ya kijivu. Walimpa kamera, wakaenda kusimama, akabofya. Siku moja alihesabu kwamba tangu asubuhi ameshika kamera mara kumi na tisa na brashi mara chache kuliko hapo. Akaona kazi yenyewe ndiyo ile. Alinunua kamera iliyotumika kutoka kwa mwalimu aliyekuwa akihama, akatengenezewa na fundi seremala sanduku la mbao la kubebea vifaa begani, akaacha rangi.

Na kazi aliifanya kwa nidhamu. Wageni walisimama mahali alipopachora kwa chokaa, maporomoko nyuma yao, warefu nyuma, wafupi mbele. Kisha anainua mkono na kupaza sauti: "Kaa sawa!" Hakujali mgeni anatoka wapi au anazungumza lugha gani. Aliwaambia kaa sawa, nao walikaa sawa. Hapo ndipo alipolipata jina. Wengine walipanda basi wakiwa wamejifunza maneno hayo mawili tu, wakidhani ni salamu. Madereva walisema wageni wanawaamkia, "Kaa sawa! Kaa sawa!" na wao wanaitikia, "Tumekaa!"

Filamu alizipeleka nyumbani kwa mkewe. Chumba cha stoo walikuwa wamekigeuza chumba cha giza: blanketi dirishani, taa nyekundu, mabeseni matatu ya dawa, kamba ya nguo ya kuanikia picha. Kusafisha na kuchapa picha ilikuwa kazi ya mke. Asubuhi mzee anazipeleka hotelini kabla mabasi hayajaondoka. Mambo yalikwenda hivyo miaka ishirini na saba, mpaka simu zikaingia na kila mtu akawa na mkono wake wa kujipigia. Kaa Sawa alistaafu bila kinyongo. Alikuwa amechoka kusimama.

Mwaka jana mwanamke mmoja kijana, mwenye miwani mikubwa na viatu vya kamba, alikuja nyumbani. Alikuwa mratibu wa maonyesho katika makumbusho ya mji. Akaeleza kwamba wanaandaa maonyesho kuhusu upigaji picha na utalii, namna hivi vitu viwili vilivyokua pamoja. Kaa Sawa alimsikiliza kwa heshima zote na hakuambulia kitu.

"Yaani mnataka picha za maporomoko?" aliuliza.

"Hapana, baba. Tunataka picha za watu wanaopigwa picha kwenye maporomoko."

"Sasa hao watu ndio wanaokuja kuziangalia?"

"Hapana. Wanaokuja ni wengine."

"Na hao wengine nao watapiga picha?"

Mratibu alifikiri kidogo. "Nadhani ndiyo, watapiga."

"Haya," alisema mzee, akakuna kichwa. Mkewe alikwenda stoo akatoa maboksi ya viatu kumi na manne, yamejaa filamu zilizokatwa vipande, kila kipande kwenye bahasha yenye tarehe. Mratibu aliyapokea kama anapewa mtoto mchanga. Baada ya miezi saba ikaja barua ya mwaliko.

Siku ya ufunguzi mzee alivaa koti lake la harusi za watu. Binti yao, ambaye ni nesi, aliomba ruhusa kazini akaja kumsindikiza. Mkewe alikataa.

"Niende kuangalia nini?" alisema. "Nimeziona zote zingali zinachuruzika maji."

Makumbusho yalikuwa katika jengo lililokuwa ghala zamani, dari juu sana, sakafu ya saruji iliyong'arishwa mpaka mtu anaogopa kuikanyaga. Chumba cha kwanza kilikuwa cha postikadi, mamia kwa mamia. Cha pili kilikuwa na kamera za wageni wa zamani ndani ya makabati ya vioo, na albamu zao za safari zilizofunguliwa katikati. Ukutani palikuwa na swali kubwa: "Nani anamtazama nani?" Kaa Sawa alilisoma mara mbili, akamgeukia binti yake.

"Jibu liko wapi?"

"Hakuna jibu, baba. Ni swali tu."

"Wamelipaka rangi yote ile bila jibu?"

Watu walikuwa wengi, na karibu wote walikuwa na simu mkononi. Walisimama mbele ya picha za watalii waliosimama mbele ya maporomoko, wakajipiga. Kijana mmoja alimwomba Kaa Sawa asogee kidogo kwa sababu anaingia kwenye picha. Mzee akasogea, akaingia kwenye picha ya mwingine. Akaombwa radhi, akaomba radhi, akajikuta amebanwa kwenye kona akiwa hajui atoke vipi. Binti alimshika mkono akampeleka kwenye ukumbi wa mwisho, ukumbi wake. Na hapo ndipo alipokutana na mwanamke wa kiatu.

Kulikuwa na picha ishirini. Aliangalia moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayetafuta nguo zake kwenye kamba ya jirani. Chache alizitambua mara moja: wageni wamenyooka, meno nje, maporomoko katikati. Lakini hizo walikuwa wamezitundika pembeni. Zilizopewa ukuta mkubwa, zenye taa zake na watu wamezizunguka, ni zile ambazo kila mtu alikuwa amekaa vibaya.

"Angalia jicho la huyu mzee," alisikia mtu akisema nyuma yake. "Anawakamata kabla hawajavaa sura."

"Ajabu," mwenzake akaitikia. "Na zama zile!"

Kaa Sawa alijisikia kama amevaa koti la mtu mwingine na mwenyewe yuko chumbani. Daraja lilikuwa daraja lake, chokaa aliichora yeye. Filamu zilitoka kwenye maboksi yake. Labda ni uzee, alijiambia. Labda alizipiga akasahau. Lakini mtu anaweza kusahau picha moja au mbili. Anasahauje ukuta mzima?

Binti yake alikuwa amesimama mbele ya picha iliyokuwa peke yake, karibu na mlango. Ilionyesha kundi la wageni wakishuka ngazi za daraja, migongo yao, mabega yamelegea baada ya kazi ya kutabasamu. Chini, kwenye mbao za daraja, jua la alasiri lilikuwa limelaza kivuli kirefu cha aliyeshika kamera. Binti alikuwa anasoma maelezo.

"Baba, wanasema hapa: 'Kivuli cha mpiga picha, akiwa na begi la vifaa mgongoni, kinaingia ndani ya safari ya wageni.' Ulikuwa na begi la mgongoni?"

"Sijawahi hata siku moja. Nilikuwa na sanduku. La mbao. Begani."

"Kofia je? Hiki kivuli kimevaa kofia pana."

"Kofia inaziba jicho. Mpiga picha hawezi kuvaa kofia pana."

Wote wawili wakainama. Kivuli kilikuwa na kofia, ndiyo, pana, ya kusukwa. Chini kilipanuka kama sketi. Na mgongoni lile begi lilikuwa limekaa juu kidogo kuliko mabegi yanavyokaa, na kwa juu lilimaliziwa na kitu cha mviringo, kidogo, kilichoegemea upande.

Binti alitazama mwaka ulioandikwa. Alipozungumza sauti ilikuwa ndogo.

"Mwaka huu ndio niliozaliwa. Baba, hilo si begi. Hilo ni mimi."

Kabla mzee hajasema neno, mratibu alitokea akiwa na kipaza sauti, akamshika kiwiko. "Baba, wanakusubiri!" Kufumba na kufumbua alikuwa amesimama mbele ya watu wapatao mia, wote wameinua simu zao kumwelekea. Hakuwahi kuwa upande ule wa kamera kwa muda mrefu kiasi kile. Hakujua mikono aiweke wapi.

Mwanamume mmoja mwenye daftari aliuliza, "Mzee, watalii walizoea kutugeuzia sisi kamera. Wewe ukawageuzia wao, tena wakiwa hawajajiandaa. Ulikuwa unataka kusema nini?"

Kaa Sawa alipokea kipaza sauti. "Sikuwa nataka kusema kitu. Nilikuwa nawaambia wakae sawa."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Wakadhani ni mzaha.

"Hizi picha," akajaribu tena, "nadhani sikuzipiga mimi."

Makofi yakaongezeka. Mratibu akainama kwenye kipaza sauti, macho yakimng'aa. "Mnaona unyenyekevu wake?"

Mzee alimtazama binti yake aliyekuwa nyuma ya umati, akamwona anatikisa kichwa polepole, mkono mdomoni, haijulikani kama analia au anacheka. Akasema asanteni, akarudisha kipaza sauti, akatoka bila kungoja vinywaji.

Nyumbani alimkuta mkewe amekaa barazani akishona kifungo cha shati. Miwani ilikuwa imemshukia puani.

"Umerudi mapema," mkewe alisema.

"Mama, nani alipiga picha za darajani?"

"Zipi?"

"Za watu ambao hawajakaa sawa."

Mkewe alikata uzi kwa meno. "Ah. Hizo." Akalinyoosha shati magotini. "Hizo ni za mwisho wa filamu."

"Za mwisho wa filamu ndio nini?"

"Baba, filamu ina picha ngapi? Thelathini na sita. Wageni wamepigwa thelathini na mbili, wanarudi kwenye basi, na hotelini wanazitaka asubuhi. Ziko nne hazijatumika. Nifanyeje, niziweke mpaka kesho? Ulidhani filamu zilikuwa zinajimaliza zenyewe?"

"Nilidhani unakata tu."

"Nikate filamu nzima!" alisema kwa mshangao wa kweli, kana kwamba ameambiwa amwage maziwa.

Mzee alivuta kigoda akakaa. Alikumbuka vizuri kwamba mwaka aliozaliwa binti yao aliteleza kwenye ngazi za daraja akavunjika mguu, na mkewe akaenda kushikilia nafasi ili wapiga picha wengine wasiingie. Hilo halikuwa siri. Alikuwa akilisimulia mara kwa mara, hata kwa mratibu.

"Lakini zile zilikuwa wiki tatu," alisema.

"Wiki tatu!" Mkewe aliweka shati chini kabisa. "Baba, ulianguka mtoto hajaota jino. Plasta imetolewa mtoto anashika ukuta anatembea. Ziwe wiki tatu wapi?"

Kaa Sawa alihesabu kwa vidole, akapotea, akaanza upya. Kumbe ilikuwa zaidi ya nusu mwaka. Yeye alikuwa na mguu juu ya mto, anasikiliza redio, na siku zote zilifanana, basi zikajikunja kichwani mwake zikawa wiki tatu. Na kwa miaka yote hiyo mkewe, akimsikia anawasimulia watu wiki tatu, alinyamaza.

"Sawa," alisema. "Na niliporudi kazini?"

"Uliporudi ukawa unakula."

"Nakula vipi?"

"Si nilikuwa nakuletea chakula cha mchana? Unakwenda nyuma ya kibanda cha mlinzi wa daraja, unakula, mnapiga soga, saa nzima inakatika. Kamera imesimama na miguu yake mitatu. Wageni wanapita. Na mimi nikae tu kama jiwe?"

"Miaka mingapi?"

"Miaka uliyokula."

Mzee alishika kichwa. Hakujua aanze na lipi. Alitaka kukasirika, akatafuta hasira akaikosa, kisha akaipata kidogo. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nilikuchapia mbili nikakuonyesha. Mmoja alikuwa anakung'uta kiatu. Ukasema zimeharibika, watu hawajakaa sawa, karatasi imepotea bure." Alichukua sindano akaichomeka kwenye kola. "Nikaacha kuonyesha. Kupiga sikuacha."

Kaa Sawa alijaribu kukumbuka kama kweli alisema hivyo. Ilikuwa inafanana na yeye. Akaiona picha mbichi ikining'inia kwenye kamba chini ya taa nyekundu, akaisikia na sauti yake mwenyewe ikisema imeharibika. Lakini hakuwa na uhakika kama anakumbuka au anatunga kwa sababu ameambiwa sasa hivi.

"Leo watu mia wamenipigia makofi," alisema. "Kwa kazi yako."

"Kwa kazi uliyosema imeharibika," mkewe akamsahihisha, bila ukali. Akainuka. "Umekula, au walikupa juisi tu?"

Binti alikwishampigia mratibu simu. Kesho yake asubuhi walikwenda wote watatu kabla makumbusho hayajafunguliwa. Mama alikuwa amevaa viatu vya kawaida na amebeba mkoba wake wa sokoni, kwa sababu alipanga kupitia huko baadaye. Mratibu aliwapokea mlangoni, nywele hazijachanwa vizuri, furaha na hofu vimemkaba pamoja.

"Mama, hili ni jambo kubwa sana," alisema. "Tunabadilisha ukumbi wote. Nimeshaandika kichwa kipya: 'Mwanamke Aliyesahauliwa'."

"Nani amenisahau?" mama aliuliza.

"Yaani... historia, mama."

"Mwanangu, sijasahauliwa. Huyu nimekaa naye miaka arobaini na mitatu, kila siku ananiuliza soksi ziko wapi." Akamgonga mumewe kifuani kwa nyuma ya mkono. "Kaondoe hicho kichwa."

Mratibu akatoa kalamu. "Sasa tuandike nini?"

"Andikeni aliyepiga."

Likaonekana jepesi. Wakaanza kupita ukutani, mama mbele, mratibu anaandika. "Hii yangu," alisema mama. "Hii yangu. Hii ya baba, si unaona walivyonyooka? Hii yangu, nakumbuka huyu mama wa watu alikuwa anaumwa na tumbo. Hii yangu." Alizungumza kama mtu anayegawa nguo zilizokauka. Kaa Sawa alifuata nyuma, hatua kwa hatua, na kila mama aliposema yangu, alijisikia kuna kitu kimepungua na kingine kimeongezeka, na hakuweza kusema kipi ni kipi. Mbele ya picha ya kivuli mama alisimama muda mrefu kidogo. Akamwambia binti, "Ulikuwa unanikojolea mgongoni siku hiyo," akaendelea.

Zikafika kumi na moja za mama, saba za baba. Mbili zikawashinda.

Ya kwanza waliikubali kuwa haijulikani. Ya pili ilikuwa ya wazee wawili wageni, wanaofanana kama pacha, wamelala usingizi wakiwa wamekaa kwenye benchi la daraja, kila mmoja na kamera kifuani. Nyuma yao ukungu umefunika kila kitu. Maporomoko hayaonekani kabisa. Wametoka mbali kote huko, wakalala.

"Hii yako," alisema Kaa Sawa.

"Yangu wapi?" mama alishangaa. "Siku za ukungu nilikuwa siji. Kifua cha mtoto. Hata alipokua, ukungu ukishuka nilikuwa namtuma dereva wa basi na chakula chako."

"Basi si yangu. Mimi siwezi kumpiga mtu aliyelala. Ningemwamsha."

"Ungemwamsha, kweli," mama akakubali.

Wakaitazama. Mratibu alimtazama huyu, akamtazama yule. "Mlinzi wa daraja?" aliuliza kwa matumaini madogo.

"Yule alikuwa haoni vizuri," walijibu wote kwa pamoja.

Mzee alisogea karibu mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Alimtazama mzee wa kushoto, kidevu chake kimeangukia mkanda wa kamera. Akasema polepole, "Huenda siku moja nilifanya." Halafu akatikisa kichwa. "Hapana. Sijui." Jambo la ajabu ni kwamba alianza kutamani iwe yake, na kadiri alivyotamani ndivyo alivyozidi kutoamini kila kilichomjia kichwani kuhusu siku ile: baridi ya mkono ulioshika kamera, benchi lenye unyevu, kidole kinachosita. Vyote vingeweza kuwa vya kweli. Vyote angeweza kuwa amevitengeneza papo hapo.

"Andika yake," mama alimwambia mratibu kwa sauti ya chini.

"Usiandike yangu!" mzee akasema. "Nimeshaandikiwa za kutosha."

Mwisho mratibu aliandika kwenye kibandiko: "Mume au mke. Hawakubaliani." Binti akasema hayo ndiyo maelezo ya kwanza aliyoyaelewa tangu aingie mle ndani. Na majina ya wote wawili yakawekwa mlangoni mwa ukumbi, la mama kwanza kwa sababu lilikuwa na herufi nyingi zaidi na fundi alisema ndivyo linavyokaa vizuri.

Saa nne milango ilifunguliwa, watu wakaingia. Mama alikuwa amechoka, magoti yanamsumbua, akakaa kwenye benchi la katikati ya ukumbi na mkoba wake miguuni. Aliomba maji. Kaa Sawa alikwenda kuyatafuta. Ilimchukua muda, kwa sababu alipitia chumba cha kamera na akapotea kwenye chumba cha postikadi, akalazimika kumuuliza mlinzi njia ya kwenda kwenye ukumbi wake mwenyewe. Mlinzi alimuuliza ukumbi wake ni upi. Akaonyesha tu kwa mkono.

Aliporudi na chupa, alimkuta mkewe amezungukwa. Vijana wa chuo, wanawake wawili wageni, na yule mwanamume wa daftari, wote wameinama kumsikiliza. Mama alikuwa anaeleza kitu kwa mikono, kidole kimoja juu kana kwamba kiko kwenye kitufe cha kamera.

"Unangoja," alikuwa anasema. "Wakishasikia 'tayari, imetosha', hapo hapo. Mtu akiambiwa imetosha, uso unarudi nyumbani."

Wakaandika. Kaa Sawa alisimama na maji yake. Katika miaka yote ile hakuwahi kumsikia mkewe akisema maneno yale, na alipoyasikia alijua mara moja kwamba ni kweli, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akisema hilo neno "imetosha", akageuka na kwenda kula. Alifikiri apite akakae kando yake kwenye benchi, kwa kuwa na jina lake liko mlangoni. Kisha akafikiri asimame nyuma na wale wanaosikiliza, kwa kuwa alikuwa na maswali yake mawili matatu. Akapiga hatua moja kuelekea benchi, akasita. Mgeni mmoja akamgusa bega akamwomba asogee kidogo, anampiga mama picha.

"Samahani," alisema mzee, akasogea, lakini hakusogea mbali, akabaki pale katikati na chupa ya maji mkononi, watu wakimpitia kulia na kushoto.